Mgeni njoo, mwenyeji apone? Potali ya uhamisho ya NCAA kwenye mizani

Kocha wa mpira wa kikapu wa chuo nchini Marekani akitaka kubadili tabia ya timu yake, siku hizi ana maduka mawili ya kuingia. La kwanza ni la zamani: anazunguka sekondari na akademi, anamfuata kijana wa miaka 17 mpaka kwao, anakaa sebuleni na wazazi, anangoja mwaka mzima au zaidi. La pili lilifunguliwa tarehe 15 Oktoba 2018. Ni kanzidata ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, iitwayo potali ya uhamisho, na humo anamkuta mtu mzima wa miaka 22, mwenye takwimu za misimu mitatu na begi lililokwisha fungwa.

Tunaipima potali hapa kama huduma nyingine yoyote ya kulipia, kwa kipimo kimoja tu. Kama mchezaji anajua kufunga, hilo liko kwenye takwimu na halihitaji mjadala. Swali ni hili: akishaingia ukumbini mwezi wa sita, je, wenzake wanaanza kugombania namba kwa nguvu zaidi, au wanaanza kunong'onezana nani anafuata kuondoka?

Kwa mwenye haraka: inafaa kununulia wachezaji wawili hadi wanne, watu wazima, wakabaji, kwa timu ambayo bado ina wenyeji. Anayetaka kujaza nyumba nzima humo atapata timu ya msimu mmoja, kisha mwaka unaofuata atarudi kupanga foleni dukani.

Duka linavyofanya kazi

Mchezaji anakiandikia chuo chake kwamba anataka jina lake liingizwe. Chuo kina siku 2 za kazi kuliingiza, na hakina ruhusa ya kukataa. Kabla ya 2018 mambo yalikuwa kinyume: mchezaji aliomba ruhusa, na kocha aliweza kumzuia asizungumze na vyuo fulani. Jina likishaingia, kocha wa chuo chochote anaweza kupiga simu, isipokuwa mchezaji ameweka alama ya kutotaka kupigiwa, na hiyo mara nyingi maana yake ameshajua anakokwenda. Upande wa pili wa shilingi ni kwamba chuo anachokiacha kinaruhusiwa kumkatia ufadhili muhula ukiisha. Mlango wa kutokea ni mpana, wa kurudi ni mwembamba.

Kilichobadilisha bidhaa yenyewe ni kanuni zilizokuja baadaye. Hadi 2021, kwa kawaida, mchezaji wa kikapu aliyehama alikaa nje msimu mzima kabla ya kucheza. Kwake ilikuwa adha, lakini kwa timu mwaka ule ulikuwa shule. Alifanya mazoezi na kikosi cha pili kila siku, akajifunza majina ya michezo, akajua kocha akipiga filimbi mara moja anataka nini, na msimu wake ulipofika alikuwa mwenyeji. Aprili 2021 NCAA ikaruhusu kuhama mara moja bila kukaa nje. Aprili 2024, baada ya kesi mahakamani, kikomo chenyewe kikaondolewa: unahama mara yoyote, mradi masomo yako yamekaa sawa. Ile shule ikafungwa.

Piga hesabu ya muda uliobaki. Majira ya joto kocha ana wiki 8, na kila wiki anaruhusiwa hadi saa 4 za mpira wenyewe. Hizo ni saa 32. Ukiacha saa chache za mwanzo wa muhula, kinachofuata ni mazoezi 30 ndani ya siku 42 kabla ya mechi ya kwanza. Katika muda huo mtu aliyezoea miaka mitatu kurudi nyuma kulinda kikapu kila anapowekewa kizuizi (mpinzani anayesimama kumzibia njia) anatakiwa ajifunze kubadilishana mtu na mwenzake bila kufikiri. Kichwani analielewa siku ya pili. Miguu inalielewa Januari. Na akichoka, dakika ya 37, miguu inarudi kule ilikotoka.

Bei haina ubao. Tangu tarehe 1 Julai 2021 wachezaji wanaruhusiwa kulipwa kwa jina na sura zao, na tangu tarehe 1 Julai 2025, kufuatia suluhu ya kesi ya wachezaji dhidi ya NCAA iitwayo House, vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa moja kwa moja, kwa kikomo cha dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza, michezo yote kwa pamoja. Orodha ya kikapu ina kikomo cha watu 15. Wanavyogawana ni siri ya mezani, lakini chumba cha kubadilishia nguo hakina siri. Kijana wa mwaka wa pili anayesugua benchi anajua kwamba mgeni aliyechukua namba yake analipwa kumzidi, na hapo ndipo kazi ya kocha inapoanza.

Ratiba nayo ilikuwa kituko. Mwaka 2025 dirisha la wanaume lilikuwa wazi kuanzia tarehe 24 Machi hadi 22 Aprili, na nusu fainali za taifa zilichezwa tarehe 5 Aprili. Harusi inaendelea ukumbini, na mlangoni watu wanaposa upya. Makocha wasaidizi wa timu zilizobaki mashindanoni walikuwa wanachambua video za mpinzani kwa jicho moja na kuangalia simu kwa la pili. Kuanzia 2026 dirisha linafunguliwa siku moja baada ya fainali, kwa siku 15. Hapo NCAA wamesikia.

Jaribio: Duke, msimu wa 2024-25

Kupima duka hili hakuna kifaa bora kuliko timu ya Chuo cha Duke chini ya kocha Jon Scheyer, kwa sababu ilinunua kote kuwili kwa wakati mmoja. Machi 2024 ilitolewa na NC State, 76-64, mechi moja kabla ya nusu fainali za taifa. Baada ya hapo kikosi kikapukutika. Kyle Filipowski na Jared McCain walikwenda NBA. Wachezaji 7 waliingia potali, akiwemo Mark Mitchell aliyeanza karibu kila mechi na Jeremy Roach aliyekuwa nahodha. Kati ya waliokuwa wakicheza dakika za maana, walibaki wawili: Tyrese Proctor na Caleb Foster.

Wageni walikuwa 10. Sita wa mwaka wa kwanza: Cooper Flagg, Kon Knueppel, Khaman Maluach, Isaiah Evans, Darren Harris na Patrick Ngongba. Wanne wa potali: Sion James kutoka Tulane, Maliq Brown kutoka Syracuse, Mason Gillis kutoka Purdue na Cameron Sheffield kutoka Rice.

Tazama ni nani walionunuliwa potali, kwa sababu hapo ndipo akili ya ununuzi ilipo. Hakuna hata mmoja aliyekuja kuwa mfungaji mkuu. Gillis alitoka Purdue iliyocheza fainali ya 2024, na msimu huo alikuwa mchezaji bora wa akiba wa ligi ya Big Ten. Yaani alishalikubali benchi kabla hajafika. Brown alijulikana kwa mikono mirefu ya kupokonya mipira. James alikuwa na miaka minne ya Tulane miguuni, mwenye mwili wa kumbeba mshambuliaji yeyote kuanzia mlinzi mfupi mpaka fowadi. Vipaji vya kufunga vilitoka sekondari, na uzito wa mazoezi ukatoka potali. Wengi hufanya kinyume: wananunua mfungaji wa pointi 18 kutoka chuo kidogo na kumkabidhi mpira, halafu wanashangaa vijana waliokuwepo wanaacha kukimbia.

Athari ilionekana kwa Foster. Alianza msimu akiwa kwenye tano za kwanza, mwenyeji, kijana wa mwaka wa pili aliyekuwa na kila sababu ya kudhani namba ni yake. Msimu ukiendelea James akaichukua, kwa ulinzi tu. Baada ya hapo Duke ilianza na Proctor, James, Knueppel, Flagg na Maluach. Kwenye karatasi hakuna aliyekuwa chini ya futi 6 na inchi 5. Timu yenye urefu wa namna hiyo inabadilishana mtu kwenye kila kizuizi bila kuacha mwanya, na ndiyo sababu ulinzi wao ulikuwa mgumu kiasi kile. Lakini ilianza kwa mtu mmoja kunyang'anywa namba mchana kweupe, mbele ya wenzake, na kila mtu akaona kigezo kilichotumika.

Upande wa pili wa benchi, Isaiah Evans. Mwezi wa kwanza wa msimu alikuwa anapata dakika za kuokoteza. Tarehe 4 Desemba Auburn, ya pili kwa ubora nchini na haijapoteza, ilikuja Cameron Indoor, ukumbi wa Duke. Evans aliingia kipindi cha kwanza akafunga mitupo sita ya pointi tatu, pointi 18 kabla ya mapumziko. Duke ilishinda 84-78. Mchezaji anayesugua benchi hatupi vile kwa bahati. Anatupa vile kwa sababu kila siku mazoezini anakabwa na watu kama James na Brown, na Auburn ikija anaona nafasi imekuwa pana.

Maluach anastahili aya yake, na si kwa sababu ya ujirani peke yake. Alizaliwa Sudan Kusini, akakulia Uganda, akapitia NBA Academy Africa ya Saly, Senegal, akaichezea City Oilers ya Kampala kwenye BAL, ligi ya kikapu ya Afrika, ya 2024, na kabla ya kufungua begi Duke alikuwa ameshaichezea Sudan Kusini kwenye Olimpiki ya Paris akiwa na miaka 17. Futi 7 na inchi 2. Mitupo yake iliingia kwa asilimia 71, kwa sababu hakutupa asichokiweza: aliweka kizuizi, akageuka, akakimbilia ringi, akangoja mpira juu. Mgeni wa aina hiyo hubadili timu bila kugusa mpira. Mlinzi akijua kuna mtu mrefu nyuma yake, anamkaba mtu wake kwa karibu zaidi, na akipitwa anajua kuna bima.

Matokeo: ushindi 35, kupoteza 4. Ubingwa wa mashindano ya ACC, ligi yao, ambao walimalizia bila Flagg wala Brown. Wote wawili waliumia kwenye robo fainali dhidi ya Georgia Tech, mmoja kifundo cha mguu, mwingine bega. Knueppel akachukua tuzo ya mchezaji bora wa mashindano hayo. Flagg akamaliza msimu na wastani wa pointi 19.2, ribaundi 7.5 na asisti 4.2, akawa mchezaji bora wa taifa. Kufikia hapo bidhaa imefanya kazi kama ilivyotangazwa.

Inapovuja

Chukua zile mechi nne walizopoteza. Kentucky 77-72. Kansas 75-72. Clemson 77-71. Houston 70-67. Hakuna waliyopigwa vibaya. Zote zilikuwa ndani ya pointi 6, zote ziliamuliwa dakika za mwisho, na hilo linatuambia kitu ambacho wastani wa msimu unakificha.

Ile ya Houston, nusu fainali ya taifa mjini San Antonio, irudiwe polepole. Zikiwa zimebaki dakika 8 na kidogo, Duke iko mbele kwa pointi 14. Ndani ya dakika 10 za mwisho inapata kikapu kimoja tu cha uwanjani. Hata hivyo, sekunde 35 kabla ya mwisho bado ni 67-61. Emanuel Sharp wa Houston anafunga pointi tatu. Duke inaingiza mpira uwanjani, unapokonywa. Houston inatupa, inakosa, Joseph Tugler anaruka juu ya watu na kuusindika ringini: 67-66. Proctor anapelekwa kwenye mstari wa adhabu, mtupo wa kwanza ukiingia ndipo apewe wa pili, hauingii. Kwenye kugombania ribaundi ya mtupo huo Flagg anaitiwa faulo ya kumpanda J'Wan Roberts mgongoni. Roberts anafunga yote miwili. Flagg anatupa akiwa karibu, mpira unagonga mbele ya ringi. Houston inaongeza miwili ya adhabu. Kwisha.

Sasa angalia ni nani walifanya nini. Roberts alikuwa Houston kwa msimu wa sita. Sharp na Tugler walilelewa hapohapo. Houston nayo ilikuwa na watu wa potali, L.J. Cryer kutoka Baylor na Milos Uzan kutoka Oklahoma, lakini waliingia kwenye nyumba yenye wenyewe. Kocha wao, Kelvin Sampson, ana zoezi linalojulikana sana: ringi inafunikwa kifuniko, kila mtupo unakosa kwa lazima, na watu wanaugombania mpira unaorudi mpaka kocha atosheke. Mtu aliyefanya hivyo miaka minne haulizi afanye nini mpira ukigonga ringi sekunde ya 25. Maluach, pamoja na urefu wake wote, alimaliza mechi hiyo bila ribaundi hata moja. Hilo halimpunguzii kitu kijana wa miaka 18, linaonyesha tu umri wa mazoea yake.

Dalili zilikuwepo mapema. Novemba huko Atlanta, Duke iliongoza mapumziko kisha ikapoteza kwa Kentucky, na dakika ya mwisho Flagg alipoteza mpira mara mbili. Nusu fainali ya ACC dhidi ya North Carolina ilikuwa mbele kwa pointi 24 ikashinda 74-71 kwa taabu. Timu ya wageni 10 inacheza vizuri mpaka mpango uvurugike. Ukivurugika, kila mmoja anarudi kwa kile alichojifunza chuo alichotoka, na uwanjani kunakuwa na timu tatu zilizovaa jezi moja.

Nyumba isiyo na mwenyeji

Kentucky hiyohiyo ya Novemba ndiyo mfano wa aliyenunua nyumba nzima. Mark Pope alipoteuliwa kuwa kocha Aprili 2024 hakukuta mchezaji wa maana aliyebaki. Akachukua tisa kutoka potali: Lamont Butler, Andrew Carr, Jaxson Robinson, Koby Brea, Amari Williams, Otega Oweh, Brandon Garrison, Ansley Almonor na Kerr Kriisa. Wengi walikuwa wa mwaka wa mwisho. Kwa timu iliyojuana miezi mitano ilikuwa kazi safi: iliifunga Duke, iliifunga Tennessee mara mbili, ikafika 16 bora, ambako Tennessee hiyohiyo ikaifunga 78-65. Ushindi 24, kupoteza 12. Kisha wengi wao wakahitimu, na Pope akarudi sokoni. Hakuna ubaya, ila lazima mnunuzi ajue ananunua barafu wakati wa jua.

Tatizo hili halikuzaliwa na potali. Kentucky ya kocha John Calipari iliwahi kulionyesha kwa misimu miwili mfululizo, ikitumia wa mwaka wa kwanza. Ile ya 2011-12 ilikuwa na Anthony Davis na Michael Kidd-Gilchrist, lakini pia ilikuwa na Darius Miller wa mwaka wa nne na Terrence Jones na Doron Lamb wa mwaka wa pili, waliofika nusu fainali ya taifa mwaka uliotangulia. Kidd-Gilchrist, kijana mpya kabisa, alianzisha mazoezi ya hiari alfajiri kabla ya masomo, na wenzake wakamfuata. Wakongwe wangeweza kumcheka. Walikwenda. Walishinda mechi 38, wakapoteza 2. Kwenye fainali Davis alifunga mtupo 1 kati ya 10, lakini akakusanya ribaundi 16 na kuzuia mitupo 6, wakaifunga Kansas 67-59 na yeye akapewa tuzo. Mchezaji bora wa nchi anayekubali kutofunga usiku wa fainali ni kazi ya chumba kile, si ya kipaji peke yake.

Msimu uliofuata kocha yuleyule na njia ileile: Nerlens Noel, Archie Goodwin, Alex Poythress. Wenyeji waliobaki wa kuonyesha njia walikuwa Kyle Wiltjer na Jarrod Polson. Noel akaumia goti Februari, na msimu ukaishia kwenye NIT, mashindano ya daraja la pili, wakifungwa 59-57 na Robert Morris. Goti lilichangia, bila shaka, ingawa timu ilikuwa inayumba kabla yake.

Ukilazimika kununua

Anza na dakika, maana ugomvi wote huanzia hapo. Mechi ina dakika 40, watu watano uwanjani: dakika 200 za kugawa. Tuseme nyota wako anapata 32, watatu wa potali umewaahidi 28 kila mmoja, na wenyeji wawili 24 kila mmoja. Zimekwenda 164. Zimebaki 36 kwa watu tisa, dakika nne nne. Kabla mpira haujadundwa hata mara moja, watu tisa wameshajua hawagombanii chochote. Kikosi cha pili ndicho jiwe la kunolea kikosi cha kwanza. Jiwe likiwa laini, kisu hakikati. Basi usiahidi dakika. Ahidi kigezo: anayekaba anacheza. Na uanze kukitumia kwa mgeni wa bei kubwa, si kwa mwenyeji asiye na sauti.

Video za vipande vizuri usizitazame, zimetengenezwa kuuza. Omba mechi nzima ambayo timu yake ilifungwa kwa pointi 15 au zaidi, uangalie dakika 8 za mwisho. Anarudi kulinda kwa mbio au kwa matembezi? Akitolewa, anakaa wapi, anapokea mkono wa nani, macho yake yako uwanjani au kwenye paa? Kisha linganisha idadi ya mitupo aliyozoea na utakayompa. Aliyetupa mara 15 kwa mechi akipewa 7 atasema ndiyo Mei na kunung'unika Januari. Anayepandishwa kutoka 6 kwenda 9 ni salama zaidi.

Mazoezini, hesabu kitu kisichokuwa pointi, na ubandike ukutani. Kocha Rick Pitino kwa miaka mingi amedai mipira 35 iguswe na mikono ya walinzi wake kila mechi. Namba si lazima iwe hiyo, la muhimu ni kwamba mgeni na mwenyeji wanapimwa kwa kitu ambacho hakijui nani analipwa ngapi. Na vikosi vya mazoezi vichanganywe kila wiki tangu Juni. Ukiwaweka wageni upande mmoja na wenyeji upande mwingine, kufikia Oktoba utakuwa na kambi mbili. Mwisho, chagua lugha moja ya ulinzi, neno moja kwa kila aina ya kizuizi, lisilo refu. Kuchelewa nusu sekunde kwa sababu mmoja anaita hivi na mwingine vile ni pointi tatu za mpinzani.

Duka la zamani bado lina kitu

UConn, yaani Chuo Kikuu cha Connecticut, ilitoka msimu wa 2005-06 ikiwa na ushindi 30 na kupoteza 4, halafu wachezaji watano wakachukuliwa NBA kwa mpigo. Kocha Jim Calhoun akajaza nafasi kwa vijana wa mwaka wa kwanza, mmoja wao Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, futi 7 na inchi 3, aliyeanza kikapu akiwa kijana tayari. Msimu wa kwanza: ushindi 17, kupoteza 14, hakuna mashindano ya mwisho wa msimu. Thabeet alikuwa na wastani wa pointi 6.2, ingawa alishaanza kuzuia mitupo 3.8 kwa mechi. Wa pili: 24 kwa 9. Wa tatu: 31 kwa 5 na nusu fainali ya taifa, Thabeet akiwa na pointi 13.6 na ribaundi 10.8, na siku moja dhidi ya Providence pointi 15, ribaundi 11 na mitupo 10 aliyoizuia. Memphis Grizzlies wakamchukua wa pili mwaka 2009.

Leo kijana wa pointi 6.2 kwenye timu ya 17-14 angepigiwa simu na nusu ya nchi kabla hajafika chumbani, na kocha wake naye angekuwa anatafuta senta mwingine. Ile misimu mitatu ndiyo potali haiwezi kukuuzia.

Kwa kijana wa Dar, Nairobi au Kampala anayeiangalia potali kama ngazi, kuna mambo ya karatasi yanayomgusa yeye kuliko Mmarekani. Akiwa kwa viza ya mwanafunzi ya F-1, kuhama chuo maana yake rekodi yake ya uhamiaji nayo ihamishwe na apate fomu mpya ya I-20. Jina likikaa potali bila chuo kumchukua na ufadhili ukakatwa, si mpira tu unaoyumba bali na ukaazi wenyewe. Viza hiyo pia inabana kazi za kulipwa nje ya chuo, kwa hiyo ahadi ya fedha za matangazo anayopewa mwenzake huenda kwake isitekelezeke vilevile. Amwone afisa wa wanafunzi wa kigeni kabla ya kuandika ile barua, si baada.

Alama: 7 kwa 10 ukinunua watatu, 4 kwa 10 ukinunua tisa. Kiangazi cha 2025 tano zote za kwanza za Duke ziliitwa kwenye draft ya NBA, ambako timu huchagua wachezaji wapya, Flagg wa kwanza, Knueppel wa nne, Maluach wa kumi. Scheyer akawaleta mapacha wa Boozer kutoka sekondari. Ila safari hii Foster, Evans, Brown, Ngongba na Harris walibaki.